Namna ya Kumpata Mrithi wa Shamba Dogo la Kilimo Hai

Mkulima mdogo wa Uganda akianza kuzeeka, swali linalozungumzwa nyumbani kwake huwa ni moja: ardhi itakuwa ya nani? Ni swali la haki, lakini kwa mwenye shamba la kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, halitoshi. Ardhi inaweza kurithiwa na mtoto anayeishi Kampala au aliyeko kazini Uarabuni, ambaye hajashika jembe kwa miaka 20, hati ikawa salama kabatini, na bado shamba lenyewe likafa ndani ya misimu miwili. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba msomaji ni kutenganisha vitu viwili ambavyo mazoea yetu huvifunga pamoja, yaani mrithi wa ardhi na mrithi wa kazi. Wanaweza kuwa mtu mmoja, na ikiwa hivyo ni heri, ila si lazima. Mimi na mke wangu tuna ekari 4 za kahawa, migomba na vanila kwenye miteremko ya chini ya Rwenzori, wilayani Kasese. Ardhi hiyo itabaki kuwa ya watoto wetu wanne, na shamba linaendeshwa na binti wa marehemu kaka yangu. Kufika hapo kulituchukua miaka saba, na mitatu kati yake tuliipoteza kwa kosa nitakalolieleza hapa chini ili mwingine asilirudie.

Anza ukiwa bado na nguvu

Usingoje hadi magoti yakatae kupanda mlima. Anza kutafuta wakati bado unaweza kufanya kila kazi ya shamba kwa mikono yako, kwa sababu sehemu kubwa ya kilimo hai haifundishiki kwa maneno. Miaka mitano ni kipimo cha busara, nacho kinatokana na mimea yenyewe: mche wa kahawa huhitaji takriban miaka 3 kabla ya kuvunwa vizuri kwa mara ya kwanza, na marando ya vanila huchukua miaka 2 hadi 3 kabla ya kutoa maua. Anayekuja kukupokea anapaswa kupanda kitu kwa mkono wake, akitunze, akivune, nawe ukiwapo kumsahihisha.

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, liandike shamba lako. Chukua daftari gumu, si karatasi za kupotea, uandike kila kipande: kimepandwa nini na mwaka gani, mbegu au miche ilitoka wapi, mboji na samadi zimewekwa lini na kiasi gani, ni miti ipi inayotoa kivuli, makinga maji yamechimbwa wapi na hufukuliwa mwezi gani. Andika pia yale unayoyajua bila kujua kwamba unayajua. Kwetu kuna pembe moja ambako maji ya mvua ya Aprili hupasuka kutoka chini ya jiwe na kubeba udongo wote iwapo nyasi za matete hazijakatwa fupi na kulazwa kwa kukingama mteremko. Jambo hilo halikuwa limeandikwa mahali popote, nami nililikumbuka tu siku niliyopita hapo na daftari mkononi.

Mipaka itembelewe kwa miguu. Waite majirani wote mnaopakana nao pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mpite kutoka alama hadi alama, mwandike mlichokubaliana na kila mmoja atie sahihi. Kwa shamba la kilimo hai matembezi hayo yana faida ya pili, kwani ndipo unapokumbushana na jirani anayepulizia pamba au nyanya zake dawa kuhusu ukanda wa kinga ulioachwa kati yenu, na mrithi wako husikia makubaliano hayo kwa masikio yake mwenyewe.

Mwisho, andika fedha kwa ukweli: shamba liliingiza shilingi ngapi katika kila mmoja wa miaka 3 iliyopita, na lilitumia ngapi. Wazee wengi huficha hesabu hizi, wengine kwa aibu kwamba ni ndogo, wengine kwa hofu kwamba watoto wataziona ni kubwa. Kijana mwenye akili hatakubali kufunga maisha yake kwenye shamba ambalo hesabu yake haijui, nawe usimlaumu.

Mahali pa kumtafuta

Anza nyumbani, lakini anza kwa kuuliza, si kwa kupanga. Tumezoea kumtazama mtoto wa kiume wa kwanza kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa, ilhali mara nyingi aliyekuwa akiamka alfajiri kugeuza mboji ni binti, na binti huyo hakuwahi kuulizwa kwa kuwa familia ilidhani ataolewa na kuondoka. Mwite kila mtoto peke yake, kisha waite wote pamoja. Swali liwe la moja kwa moja: je, unataka kazi hii, na ikiwa hutaki, je, utaridhika mwingine akiifanya kwenye ardhi ambayo ni yenu? Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua amani ya baadaye, kwa hiyo usiliruke.

Nyumbani kukikosa mtu, panua mduara taratibu. Watazame watoto wa ndugu, kisha mfanyakazi ambaye amekaa nawe miaka mingi, kisha vijana wa kikundi chenu cha wakulima. Baada ya hapo kuna vyuo na mashirika. Chuo cha Kilimo cha Bukalasa huko Luweero kina wanafunzi wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo, na Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kilichopo Nkozi kimejijengea jina katika elimu ya kilimo kinachofuata ikolojia. NOGAMU, ambayo ni jumuiya ya taifa ya kilimo hai iliyoanzishwa mwaka 2001, pamoja na PELUM Uganda na Kulika, hukutana na vijana waliokwisha kufundishwa lakini hawana ardhi. Uganda ni nchi ya vijana, na wengi wao hawaikimbii kazi ya shamba kama tunavyosema vikaoni. Wanakimbia kufanya kazi kwenye ardhi ambayo hawana neno juu yake, chini ya mzee asiyewalipa.

Unapomwangalia kijana, usivutiwe sana na cheti wala na maneno mazuri. Angalia anachokifanya akikuta mdudu asiyemjua kwenye jani: je, anamponda papo hapo, au anamgeuza na kumtazama? Angalia kama anaandika. Angalia anavyozungumza na wanawake wanaokuja kuchuma kahawa, kwa sababu bila wao hakuna mavuno.

Majaribio ya misimu miwili, na kosa letu

Kijana wa kwanza tuliyemchagua alikuwa hodari kweli. Aliletwa kwetu na rafiki, alikuwa na nguvu, na katika miezi minne alikuwa amefyeka sehemu ambazo mimi nilikuwa nimezikatia tamaa. Nilifurahi, nikampa shamba lote mara moja, nikaenda kukaa mjini wiki sita kwa matibabu ya macho. Niliporudi nilikuta ukingo wote wa chini, unaopakana na njia, umekauka na kuwa wa rangi ya kutu. Alikuwa amenunua dawa ya kuua magugu kwa fedha yake mwenyewe, akapulizia ili nije nikute pasafi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyemweleza, na asiyeeleza nilikuwa mimi.

Gharama yake inafaa kueleweka vizuri. Mazao ya kudumu kama kahawa na vanila yanayouzwa Ulaya kama mazao ya kilimo hai yanapaswa kukaa miezi 36 bila dawa zilizokatazwa kabla ya kuvunwa kwa jina hilo, na mazao ya msimu miezi 24 kabla ya kupandwa. Kopo moja la dawa lilirudisha kipande kile mwanzo wa hesabu, na kwa kuwa tuliuza kupitia kikundi, kikundi kizima kilichunguzwa. Nilikwenda mwenyewe kuwaarifu kabla hawajagundua, jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye, lakini miaka mitatu ilikuwa imekwenda.

Tangu hapo kanuni yetu ni hii: hakuna anayepewa shamba lote kabla ya kupita misimu miwili kamili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba, akiwa na kipande chake mwenyewe. Robo ekari yatosha. Kwenye kipande hicho aamue yeye, wewe uulize tu sababu. Akikosea jambo lisiloharibu udongo, mwache akosee. Mambo machache yasiyo na mjadala yaandikwe na kubandikwa stoo: dawa zilizokatazwa, bomba la kupulizia lisiazimwe kwa jirani, mbegu zilizopakwa dawa zisiingie shambani, na kila kinachoingizwa kiandikwe siku hiyo hiyo.

Kuna kazi mbili ninazozitumia kumpima mtu, kwa sababu haziwezi kuigizwa. Ya kwanza ni migomba. Mnyauko wa bakteria, ambao katika nchi yetu uliripotiwa kwanza Mukono mwaka 2001, hauna dawa, na mkulima hujikinga kwa nidhamu peke yake: ua la dume linaloning'inia mwishoni mwa mkungu huvunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa kwa kisu, na panga hupitishwa kwenye moto kila linapotoka kwenye shina linaloshukiwa. Mtazame mtu wako jua likiwa kali, amechoka, amebakiza mashina kumi, na hajui kwamba unamwona. Kama bado analirudisha panga motoni, umempata mtu.

Ya pili ni vanila. Ua la vanila hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya siku kuisha, na huku kwetu hakuna nyuki wa kulichavusha, hivyo lisiposhikwa asubuhi hiyo limepotea. Nilimpeleka binti wa kaka yangu saa moja asubuhi, nikampa mwiba wa mchungwa. Unachana sehemu ya chini ya ua taratibu, unanyanyua kile kiwambo chembamba kinachotenganisha upande wa dume na upande wa jike, kisha unabana kwa kidole gumba hadi chavua ishikwe. Alirarua maua sita ya mwanzo. La saba lilishika. Akasimama kwenye shada lile, akayahesabu mengine, akaniuliza, "Baba mdogo, tukiyachavusha yote si tutaumiza mmea?" Sikuwa nimemwambia bado kwamba shada likibebeshwa maganda mengi kupita kiasi mmea hudhoofika na maganda hubaki mafupi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba utafutaji umekwisha.

Malipo yaanze siku ya kwanza ya majaribio. Sisi tulimlipa ujira wa kila mwezi, pamoja na mavuno yote ya kipande chake. Baada ya mwaka wa pili tuliacha ujira tukaingia katika mgawanyo, theluthi mbili kwake na theluthi moja kwetu, gharama zikitolewa kwanza. Kila familia itapata kipimo chake, lakini kiandikwe, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaisoma.

Sheria ya ardhi na wasia

Hapa usiende bila wakili, na fedha ya wakili ihesabiwe kuwa gharama ya shamba. Hata hivyo ni vizuri uingie ofisini kwake ukijua mambo ya msingi.

Katiba ya mwaka 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: kimila, mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa huko Buganda), umiliki huru (freehold) na ukodishaji, na njia ya kumwachia mtu shamba hutofautiana kwa kila namna. Ardhi ya kimila, kama iliyo nyingi huku Kasese, yaweza kuombewa cheti cha umiliki wa kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, na nashauri uombe kabla ya kuandikiana jambo lolote na mtu wa nje ya ukoo, wazee wa ukoo wakishuhudia. Aliye na kibanja, yaani kipande anachokikalia na kukilima juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine huko Buganda, anaweza kukirithisha, lakini akitaka kukiuza anapaswa kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza, na risiti za busuulu, yaani kodi ya mwaka anayomlipa mwenye ardhi, zihifadhiwe pamoja na daftari la shamba. Raia wa kigeni haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala ya umiliki huru. Anaweza kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Nalitaja hili kwa sababu mashamba mengi ya magharibi yana wafanyakazi hodari waliotoka Kongo, na ukimteua mmoja wao, ukodishaji ndiyo njia iliyo wazi.

Ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kwayo haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mke au mume. Mzee anayemwandikia mpwa wake shamba kwa siri anaandika karatasi itakayobatilishwa.

Ukiondoka bila wasia, Sheria ya Mirathi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 itagawa mali yako yenyewe: asilimia 75 kwa watoto na vizazi vyao, 20 kwa mjane au wajane, 4 kwa ndugu waliokutegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Mgawanyo huu ni wa haki kwa mali, lakini hausemi lolote kuhusu aliyekuwa akilima. Ekari 4 zikigawanywa kwa watoto wanne kila mmoja akavuta kamba yake, makinga maji yanakatwa vipande, na vanila iliyokuwa ikitegemea kivuli cha upande mmoja inabaki juani. Kwa hiyo andika wasia ukiwa na mashahidi wasiopungua wawili wanaokuona ukitia sahihi, na wasiwe miongoni mwa wanaopewa kitu ndani yake, kwani shahidi hupoteza alichoachiwa. Usiwaache bila fungu wanaokutegemea. Mahakama inaweza kuwarudishia haki yao na kuvuruga mpango wako wote. Mwislamu anayetaka kumwachia shamba mtu asiye mrithi wake akumbuke kwamba wasia haupiti theluthi moja ya mali, na kwamba hiba hutimia inapokabidhiwa mtoaji angali hai, hivyo ashauriane na sheikh pamoja na wakili.

Sisi tulichagua njia ya katikati. Ardhi imeandikwa kwa watoto wote wanne kwa pamoja, isigawanywe, na binti wa kaka yangu ana mkataba wa kuilima kwa miaka 15, nao utawafunga watoto hata baada yetu. Ardhi yenye hati ikikodishwa kwa zaidi ya miaka 3, ukodishaji huo usajiliwe ili uwe na nguvu. Mkataba unataja pia jambo ambalo wengi hulisahau: kahawa atakayoipanda yeye ni ya nani siku mkataba ukiisha, na italipwaje.

Cheti, kikundi na soko

Cheti cha kilimo hai hakirithiwi kama jembe. Ikiwa unauza ukiwa na cheti chako binafsi, iarifu taasisi ya uthibitishaji kabla ya makabidhiano, ili jina libadilishwe na kumbukumbu ziendelee bila pengo. Ikiwa uko ndani ya kikundi chenye mfumo wake wa ukaguzi wa ndani, kama walivyo wakulima wengi wadogo wa nchi hii, mpeleke mrithi wako kwenye mkutano, aandikishwe, apewe mafunzo, na awepo mkaguzi anapokuja akiwa angali msaidizi wako. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinataka kikundi kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria, chenye wanachama wasiozidi 2,000, kwa hiyo nafasi yako inaweza isiwe ya kumwachia mtu kwa maneno tu, uliza mapema. Anayeuza katika masoko ya humu Afrika Mashariki kwa alama ya Kilimohai, inayotokana na viwango vya mwaka 2007, naye afuate utaratibu huo huo.

Nafasi ya mzee baada ya hapo

Andikeni mtakaa wapi, mtakula kutoka kipande kipi, na nani atalipa hospitali. Sisi tumebakiza nyumba, bustani ya mboga na migomba 40, na kila kitu nje ya ua huo si chetu kuamua. Lilikuwa jambo gumu kwangu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Msimu wa kwanza alipogoa kahawa chini kabisa, kwa namna ambayo mimi nisingethubutu, na mke wangu alinishika mkono nisitoke. Nilitoka siku ya tatu, nikamuuliza sababu, akaniletea daftari na kunionyesha mavuno ya miti ile kwa miaka minne, yakishuka kila mwaka.

Siku ya makabidhiano yenyewe, nendeni pamoja kwa watu watatu: katibu wa kikundi, mnunuzi, na mwenyekiti wa LC1. Mtambulishe kwa jina lake na useme mbele yake kwamba kuanzia leo neno la shamba ni lake. Kisha mbadilishe namba ya simu ambayo ushirika hutuma malipo ya kahawa, iwe yake, kabla hamjarudi nyumbani.